Umemaliza Sosholojia na Hujui Uombe Kazi Gani? Anzia Hapa

Kila mahafali zikipita napata meseji za wadogo zangu waliosoma Sosholojia, swali ni lile lile, kaka kila nikiandika "sosholojia" kwenye tovuti za ajira hakitoki kitu, sasa nilisomea nini? Mdogo wangu hujapoteza miaka mitatu. Ila hapa Tanzania ni nadra kukuta tangazo linasema anatakiwa mwanasosholojia, kazi zako zipo lakini zina majina mengine, na hayo majina ndo ya kuyajua kwanza.

Serikalini tafuta Afisa Maendeleo ya Jamii na Afisa Ustawi wa Jamii, mara nyingi sifa zao zinataja Sosholojia moja kwa moja. Fungua akaunti ya Ajira Portal, tovuti ya serikali ya kuombea kazi, leo hii, usingoje tangazo litoke ndo uanze kuhangaika na kuskani vyeti usiku wa mwisho mtandao umelemewa. Andaa cheti cha form four, form six, digrii, cheti cha kuzaliwa na namba ya NIDA, na barua ya maombi uisaini, tafadhali uisaini. Ukiitwa kwenye usaili wa kuandika usiende na nadharia za darasani za kina Durkheim, mwanasosholojia yule, peke yake. Jua ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa vikundi inagawanywaje, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, jua TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, inazipataje kaya hizo, na ujiulize kikundi cha akina mama kikikopa halafu mwenyekiti wao akahama mji utafanyaje, maana hiyo ndo kazi yenyewe utakayoikuta kwenye kata.

Sasa njia ambayo mi naipenda na wengi wanaidharau ni utafiti. Wanaita mdadisi, karani, msaidizi wa utafiti, na mara nyingi ni mkataba wa wiki kadhaa tu kwa hiyo watu wanaona sio kazi. Nenda! Taasisi ya Afya Ifakara, REPOA (hawa wanafanya tafiti za umaskini na maendeleo), Ofisi ya Taifa ya Takwimu, pamoja na walimu wako wa chuo wenye miradi yao, wote hao wanahitaji watu wa fildi. Na huko ndo utaona thamani ya ulichosoma. Umekaa kwenye kigoda uani kwa mama, kishkwambi mkononi, unamuuliza kaya yenu ina watu wangapi, anakujibu saba. Asiyesoma anajaza saba anaondoka. Wewe unauliza taratibu, mama, hao saba jana usiku wote wamelala hapa? Anacheka, aah, Juma yuko Dar mwaka wa pili sasa, ila ni wa hapa hapa. Ndo maana Sensa ya 2022 iliuliza watu waliolala kwenye kaya usiku wa kuamkia Agosti 23, kwa sababu "mtu wa hapa" kwa mama na kwenye takwimu ni vitu viwili tofauti. Ukiweza kuligundua hilo bila kumfanya mama ajione kadanganya, msimamizi wako atakuita tena mradi ujao, na hivyo ndo watu wanavyopanda mpaka kuwa wasimamizi wa timu. Jifunze KoboToolbox, programu ya kukusanyia data kwa simu au kishkwambi, ni bure, halafu SPSS au Stata, programu za kuchambua takwimu, angalau ujue kutoa majedwali.

Eneo lingine ni miradi mikubwa, na hapa wengi hawajui kabisa kama kuna nafasi zao. Chukua bomba la mafuta la EACOP, kilomita 1,443 kutoka Hoima Uganda mpaka Chongoleani Tanga, sehemu kubwa imepita kwetu, ndani ya mikoa 8. Bomba, reli, bwawa, mgodi, kote huko kuna watu wanaoachia ardhi, na mikopo ya Benki ya Dunia na wenzake ina masharti ya namna ya kuwahamisha watu. Mthamini anakuja kuhesabu migomba na kupima nyumba. Nani anauliza kama shamba lililoandikwa jina la mzee linalimwa na mke mdogo na watoto wake? Nani anakaa na ukoo kuzungumzia makaburi? Ni wewe. Kwa hiyo tafuta Afisa Mahusiano ya Jamii, afisa wa malalamiko, mtaalamu wa masuala ya kijamii kwenye kampuni za tathmini ya mazingira, hizi zinazopeleka ripoti NEMC, baraza la taifa la mazingira, nenda hata uombe kujitolea miezi mitatu. Kwa maoni yangu hakuna sehemu ambayo digrii hii inaokoa watu kama hapo, maana fidia ikikosewa familia inavunjika kweli kweli.

Zipo na nyingine, rasilimali watu (ongeza kozi fupi ya sheria za kazi), afisa mikopo, mashirika ya watoto na jinsia, polisi pia wana madawati ya jinsia na watoto.

Kwenye sivii futa ile "nina uwezo wa kufanya kazi kwenye mazingira magumu", kila mtu anaiandika. Andika ulichofanya, mfano nimehoji kaya 60 wilaya ya fulani kwa siku 12, nimeongoza mijadala 4 ya vikundi, nimeandika ripoti ya kurasa 20. Kama huna cha kuandika basi rudi kwenye ile tasnifu yako ya mwaka wa tatu, ulihoji watu wangapi, wapi, ukagundua nini, hiyo ni kazi ulifanya tena kwa hela yako. Wadhamini watatu waambie mapema uwaombe ruhusa, wasije wakapigiwa simu wakasema simkumbuki. Na mtu akikuambia utume hela ya fomu au ya "kushikiwa nafasi" usitume, hata kama amelitaja jina la bosi unayemjua.