Kusaka Namba Tasa Kubwa kwa Kompyuta ya Mezani: Hatua Ninazofuata Hapa Moshi

Kwenye karakana yangu ya kompyuta hapa Moshi kuna mashine moja ambayo siiuzi. Kazi yake ni kupima kama namba za Mersenne ni tasa. Namba hizo ni 2 yenye kipeo p, ukitoa 1. Vijana wanaoleta laptopu huniuliza waanzeje. Huwaanzishia hapa.

Hatua ya 1: Kalamu na karatasi

Usipakue chochote kabla hujapima moja kwa mkono. Chukua p = 5, namba yetu ni 31. Anza na 4. Izidishe yenyewe kwa yenyewe, toa 2: unapata 14. Rudia: 194, gawa kwa 31, baki 8. Rudia tena: 62, baki 0. Mizunguko ni p − 2, hapa mitatu, na ukiishia kwenye 0 namba ni tasa. Hiki ndicho kipimo cha Lucas na Lehmer.

Sasa p = 11, yaani 2047. Utapata 4, 14, 194, 788, 701, 119, 1877, 240, 282, 1736. Haikuishia 0, basi si tasa. Na kweli 2047 ni 23 × 89. Fanya mwenyewe, usininakili. Ukikosea baki moja katikati, yote yanayofuata yameharibika na hutaona dalili yoyote. Mashine nayo ni hivyo hivyo, ila mizunguko yake ni zaidi ya milioni mia.

Hatua ya 2: Pima afya ya mashine

Pakua Prime95, programu ya George Woltman, aliyeanzisha mwaka 1996 mradi wa GIMPS, ambako watu wa kujitolea husaka namba tasa za Mersenne kwa kompyuta zao. Kabla ya kujiunga, endesha jaribio lake la kuitesa mashine usiku kucha. Mashine yangu ya kwanza ilikuwa inawaka vizuri na kufungua kila kitu, lakini saa ya pili ya jaribio ikatoa kosa. Ilikuwa stiki moja ya RAM. Nilipoitoa, ikapita hadi asubuhi. Puliza vumbi kwenye feni, badilisha pesti ya prosesa. Joto letu la Januari na Februari halina huruma. Julai mashine inapumua.

Hatua ya 3: Jiunge, uchague kazi

Seva ya GIMPS itakupa kipeo. Kwa mashine mpya nashauri kuhakiki matokeo ya zamani kwanza: vipeo ni vidogo, na jibu lako linalinganishwa na la mwenzako. Kuna pia kazi ya kutafuta vigawo vidogo, maana namba yenye kigawo si tasa; hiyo waachie wenye kadi za grafiki. Kila kigawo cha namba hizi, p ikiwa tasa isiyo 2, kina umbo la 2kp + 1. Angalia 23 na 89 hapo juu, k ni 1 na 4.

Hatua ya 4: Umeme

Weka programu ihifadhi kazi kila dakika 10, na uwe na UPS, betri ya kushikilia mashine umeme ukikatika. Mashine ya wati 100 inakula uniti 2.4 kwa siku. Piga hesabu ya LUKU kabla hujaanza, na kama nyumba si yako peke yako, waambie wenzako.

Hatua ya 5: Kipimo kikubwa

Vipeo vipya hupimwa kwa njia ya Fermat, kipimo kingine kinachoonyesha kama namba huenda ni tasa, pamoja na ukaguzi uliobuniwa na Robert Gerbicz: kosa likitokea, programu inarudi nyuma hadi pale palipokuwa sahihi. Mwishoni hutengeneza faili la uthibitisho la zaidi ya MB 100, kwa hiyo andaa bando. Kwa faili hilo, mashine nyingine inahakiki kazi yako bila kuirudia yote.

Usitegemee kupata namba tasa mpya haraka. Baada ya ile iliyopatikana Desemba 2018, mradi ulikaa karibu miaka sita hadi Oktoba 2024, mshiriki Luke Durant alipopata yenye kipeo 136,279,841, tarakimu 41,024,320, kwa kadi za grafiki. Lakini kipeo kikishapimwa na kuthibitishwa, hakuna atakayelazimika kukipima tena. Nina vichache vya kwangu kwenye orodha hiyo, na kila kimoja kilinifurahisha.