Kutafuta Chanzo cha Mlio Usio wa Kawaida Kwenye Pikipiki

Kabla ya kufungua nati yoyote, bainisha kwanza kama mlio unafuata mzunguko wa injini au wa magurudumu. Ukiwa kwenye mwendo, mahali salama, bana klachi na uachie mkono wa mafuta: mlio ukififia pamoja na injini, chanzo kimo humo, ukiendelea kulingana na kasi ya pikipiki, shuku cheni, beringi au breki.

Kisha zima injini, isimamishe pikipiki kwa stendi kubwa, weka gia huru, na uzungushe gurudumu la nyuma polepole kwa mkono, vidole vikiwa mbali kabisa na sproketi (magurudumu yenye meno ambayo cheni hupita juu yake), huku ukiangalia kama cheni inakaza sehemu moja na kulegea nyingine, dalili ya kuchakaa bila usawa. Cheni kama hiyo ibadilishwe pamoja na sproketi zake.