Somo: Vifaa vya useremala kwa karakana ya nyumbani, vipya au vilivyotumika?

Randa ninayoipenda kuliko zote niliinunua ikiwa na kutu hadi muuzaji mwenyewe akaihesabu kama chuma chakavu. Wiki hiyohiyo nilinunua drili iliyotumika, imefutwa vizuri, inang'aa. Randa ile bado naitumia. Drili ilitoa moshi kabla sijamaliza matundu ya rafu ya kwanza.

Nilikaa nikajiuliza nilikosea wapi, maana vyote viwili nilivikagua. Jibu ni kwamba randa ubovu wake wote ulikuwa nje: kutu, kisu butu, mpini umelegea. Wa drili ulikuwa ndani, kwenye koili (nyaya zilizozungushwa ndani ya mota), nisipofika kwa macho wala kwa mkono. Tangu siku hiyo nina kanuni moja. Nanunua kilichotumika pale ninapoweza kuuona ubovu wake na kuutengeneza mwenyewe. Nisipoweza, nanunua kipya au naacha. Somo hili lote ni kanuni hiyo, hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Andika kazi kabla ya vifaa

Chukua karatasi, andika vitu vitatu unavyotaka kutengeneza mwaka huu. Stuli, rafu, kitanda, chochote. Kisha chini ya kila kimoja andika kazi zake: kupasua, kukata, kuranda, kutoboa, kuunga. Utashangaa orodha inavyokuwa fupi. Wengi wetu tumejaza makabati kwa sababu tulianza na bei nzuri tukatafuta kazi baadaye.

Hatua ya 2: Gawa orodha mafungu matatu

Fungu la kwanza ni vya mkono: randa, patasi, misumeno, nyundo, klampu, jiliwa. Hapa kilichotumika mara nyingi ni sawa na kipya, pengine bora. La pili ni vya umeme vya kushika mkononi: drili, msumeno wa mviringo, jigsoo, mashine ya msasa. Hapa mimi naegemea vipya. La tatu ni mashine nzito za kusimama sakafuni, na hapo inategemea.

Vichache havimo kwenye mjadala: miwani ya kukinga macho, barakoa ya vumbi, vizibo vya masikio, mawe ya kunolea na visu vya duara vya msumeno wa umeme. Hivyo nunua vipya. Kisu cha duara kilichodondoshwa kinaweza kuwa na ufa au jino la kabidi (ile ncha ngumu iliyobandikwa) lililolegea, na jino likichomoka kwa mizunguko elfu kadhaa kwa dakika halikuulizi umesimama wapi.

Hatua ya 3: Kukagua vifaa vya mkono

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye faida.

Anza na randa ya chuma. Muundo unaouona kwenye randa nyingi, ule wenye gurudumu dogo la shaba nyuma ya kisu, ni wa Leonard Bailey wa Marekani. Kampuni ya Stanley ilinunua biashara yake mwaka 1869, na tangu hapo viwanda vingi vimeuiga. Faida yake kwako ni kwamba kisu kipya huingia kwenye mwili wa zamani. Kwa namba za Stanley, namba 4, randa ya kulainisha, na namba 5, ile ndefu ya kazi zote, kwa kawaida zote hutumia kisu cha upana wa inchi 2. Kwa hiyo kisu kilichoisha kisikutishe. Mwili ndio wa kukagua.

Toa kisu na mpini, ning'iniza mwili kwenye kidole, kisha ugonge taratibu kwa spana. Chuma kizima hulia kama kengele. Chenye ufa hutoa sauti ya kopo. Kisha washa tochi, uangalie pembe za mdomo, pale kisu kinapotokea, na kuta mbili za pembeni. Chuma hiki ni cha kusubu, kikidondoka sakafuni hupasuka badala ya kupinda, na nyufa huanzia hapo. Randa yenye ufa mdomoni iache.

Weka rula ya chuma kwenye tumbo la randa, uangalie mwanga chini yake. Usitafute unyoofu wa kioo. Sehemu tatu ndizo zinazotakiwa kuwa usawa mmoja: ncha ya mbele, eneo lililo mbele kidogo tu ya mdomo, na kisigino. Bonde dogo katikati ya hizo halina neno. Bonde likiwa pale mbele ya mdomo, randa haitabana ubao na utapata uso wenye nyuzi zilizochanika.

Hesabu skrubu zote. Randa nyingi za Stanley zina skrubu zenye hesi (mifereji inayozunguka skrubu) zisizo za kawaida, na nimewahi kuzunguka sana kutafuta moja tu ya mpini.

Patasi ni rahisi zaidi. Geuza uangalie mgongo, ule upande bapa. Kutu ya juujuu ni sawa. Vidonda vya kutu karibu na ncha si sawa, kwa sababu makali ni pale nyuso mbili zinapokutana, na uso mmoja ukiwa na mashimo, makali yatakuwa na mapengo hata unoe usiku kucha. Vidonda vikiwa juu, mbali na ncha, havikuhusu kwa miaka.

Msumeno wa mkono ulete usawa wa jicho, tazama kutoka mpinini hadi nchani kama unavyotazama ubao uliopinda. Pindo la taratibu linaweza kunyooshwa. Kunjo kali, lile linaloonekana kama bati lililokunjwa, ni kazi ya fundi mzoefu. Kisha angalia meno. Misumeno mingi mipya ya bei rahisi ina meno yaliyofanywa magumu kwa joto na yana rangi nyeusi au bluu. Tupa huteleza juu yake, hivyo yakiisha umeisha msumeno. Ya zamani inanoleka kwa tupa ya pembetatu tena na tena. Ndiyo maana msumeno wa zamani wenye meno butu sioni kama mbovu.

Skwea, kile kifaa cha kupimia pembe mraba, iwe mpya au ya zamani, ipime hapohapo. Iegemeze kwenye ubao wenye ukingo ulionyooka, chora mstari, igeuze upande wa pili, chora mwingine kutokea nukta ileile. Mistari ikiachana, kosa la skwea ni nusu ya pengo unaloliona. Nimeona mpya zikishindwa mtihani huu.

Hatua ya 4: Vya umeme vya mkononi

Ukiamua kununua kilichotumika, usikinunue kikiwa kimelala. Kiwashwe. Kwanza soma kibandiko: volti ziendane na umeme wako. Zungusha ekseli kwa vidole ukiwa umechomoa plagi. Ikichezacheza kushoto na kulia, beringi zimekwisha. Beringi zinabadilishika, kwa hiyo hilo ni la kupunguzia bei tu.

Kisha nusa matundu ya hewa. Nasema kweli, nusa. Koili iliyowahi kuungua ina harufu yake kali ambayo hata pamba ya spiriti haiiondoi. Ningenusa ile drili, nisingeinunua.

Chomeka, washa, tazama ndani. Cheche ndogo za bluu kwenye makaa (vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme kwenye mota) ni kawaida. Cheche zinazozunguka kama pete ni dalili ya makaa yaliyoisha au ubovu zaidi ndani. Makaa ni rahisi kubadilisha, ila huwezi kujua ni lipi kati ya hayo mawili mpaka ufungue. Mwisho, kipe kazi: kata ubao, toboa. Mota nyingi mbovu huzunguka vizuri zikiwa tupu.

Vya betri ndiyo kabisa. Betri za lithiamu huzeeka hata zikiwa kabatini, na mara nyingi betri mbili mpya hukaribia bei ya kifaa kizima chenye betri zake. Ukishakuwa na betri nzuri za aina fulani, hapo kununua mwili mtupu uliotumika wa aina hiyohiyo kuna maana.

Hatua ya 5: Mashine nzito

Mashine ya zamani ya chuma kizito huwa tulivu kuliko nyingi mpya nyepesi, kwa sababu uzito hunyonya mtetemo. Lakini uliza mambo matatu kabla ya kuipenda.

Je, ni ya fezi tatu? Mashine zinazotoka viwandani nyingi ni hivyo, na nyumba nyingi zina fezi moja. Utalazimika kubadilisha mota au kuongeza kifaa cha kugeuza umeme, na gharama hiyo ni sehemu ya bei.

Je, ilitoka kwenye umeme wa hezi zipi (mizunguko ya umeme kwa sekunde)? Mota ya indakisheni yenye poli (ncha za sumaku) nne huzunguka karibu mara 1,740 kwa dakika kwenye hezi 60, na karibu 1,440 kwenye hezi 50. Ukiileta huku kwenye 50 itafanya kazi polepole zaidi, na itapata joto zaidi kama haikutengenezwa kwa hezi zote mbili.

Je, kinga zake zipo? Kwenye msumeno wa meza, mbali na ngao ya juu, tafuta kile kibati kinachosimama nyuma ya kisu na kuinuka nacho. Kazi yake ni kuzuia mpasuo usijifunge ukabana kisu, ubao ukakurukia kifuani.

Kutu juu ya meza ya chuma isikukatishe tamaa. Meza iliyopasuka ikukatishe.

Hatua ya 6: Kufufua ulichonunua

Fungua vyote, tenga mbao na shaba. Visu na sehemu ndogo za chuma zilaze kwenye siki nyeupe, asubuhi zisugue kwa brashi, suuza, chovya kwenye maji yenye magadi ili kuua asidi, kausha papo hapo, paka mafuta. Ukichelewa kukausha hata kwa nusu saa, kutu mpya ya rangi ya chungwa inarudi.

Tumbo la randa lisugue juu ya msasa uliobandikwa kwenye kioo kinene. Kisu kiwe ndani na kimebanwa, ila kimerudishwa juu kisiguse. Mbano ule huupinda mwili kidogo, nawe unataka unyoofu wa randa ikiwa kazini.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo fundi. Nimepata patasi sita za zamani, lakini moja ncha yake ina rangi ya bluu. Ni urembo au ni kasoro?*

Marahaba. Kasoro. Mtu aliinoa kwa grenda bila kuipoza kwa maji. Chuma cha patasi kikifika karibu nyuzi 300 za Selsiasi hugeuka bluu na kupoteza ugumu. Utanoa, na baada ya kugonga mara chache makali yamelala. Habari njema ni kwamba kilicholegea ni hapo penye bluu tu. Sugua taratibu, ukichovya majini kila mara, hadi uvuke sehemu hiyo. Kisha noa kwa pembe ya nyuzi 25, na ncha kabisa umalizie 30.

*Kaka, siki imefanya chuma changu kuwa cheusi. Nililaza siku tatu. Nimeharibu?*

Umezidisha, hujaharibu. Weusi hutoka kwa msasa laini. Ukiona uso umekuwa na chembechembe kama ngozi ya chungwa, hapo asidi imeanza kula chuma chenyewe. Safari ijayo toa kila baada ya saa chache ukague.

*Mimi nina saa mbili tu kwa wiki za kufanya useremala. Nikizitumia kusugua kutu, kiti nitakitengeneza lini?*

Dada, una haki, na nilipaswa kulisema juu kabisa. Mwenye saa mbili anunue randa moja mpya nzuri na patasi mbili mpya, aanze kazi. Ila jiandae: hata mpya nyingi zinahitaji kunolewa kabla ya kutumika. Kufufua vifaa ni starehe yenyewe, na wapo wanaofufua randa ya ishirini bila kuwa wametengeneza stuli. Nawajua. Mmoja wao anaandika hapa.

*Nataka kutengeneza rafu na meza ndogo. Kuna msumeno wa meza unauzwa rahisi, mota nzima, meza nzuri, ngao hakuna. Muuzaji anasema wazoefu hawaitumii.*

Muulize kama na vidole vyote kumi anavyo. Utani kando: ukiweza kupata ngao na kile kibati vinavyoingia kwenye mashine hiyohiyo, nunua, ukihesabu gharama yake. Kama mashine haikutengenezwa na mahali pa kuvifunga, achana nayo. Kwa orodha uliyoniandikia, rafu na meza ndogo, msumeno wa mviringo na ubao ulionyooka wa kuuongoza vinatosha.

*Klampu zilizotumika je?*

Nunua zote utakazozipata. Kagua hesi tu, na taya zisiwe zimepinda.