Bunduki ya kwanza: anza na .22

Kwa ndugu mnaoishi Marekani na mnataka kununua bunduki ya kwanza inayojipakia risasi yenyewe: msikimbilie AR-15 (bunduki maarufu yenye umbo la kijeshi) kwa sababu kila mtu dukani anaitaja. Anza na ya .22 LR (aina ya risasi ndogo), kama bunduki ya Ruger 10/22, inayotengenezwa tangu 1964. Magazini yake ya kawaida hubeba risasi 10, risasi zenyewe ni za bei nafuu, na haikurudishi bega kwa nguvu. Mtu anayeogopa mshtuko hufumba macho kabla ya kufyatua, na tabia hiyo ikishaota mizizi ni kazi kuiondoa.

Dukani, omba waihakikishe haina risasi, kisha uipachike begani. Ukinyoosha shingo kutafuta shabaha, kitako (sehemu ya bunduki inayokaa begani) hakikufai.

Sasa hili lishikeni sana. 10/22 ya kawaida haibaki wazi risasi ya mwisho inapotoka. Bolti, kipande kinachoteleza na kufunga chemba (pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa), hujifunga kama kawaida. Kwa hiyo usiseme "imeisha" kwa kuitazama tu kwa nje. Toa magazini, vuta bolti nyuma, chungulia chemba, pitisha na kidole. Na usiidharau kwa udogo wake, risasi ya .22 inaweza kwenda zaidi ya kilomita 1.

Sheria hutofautiana kila jimbo. Illinois, kwa mfano, inadai kadi ya FOID (kitambulisho cha jimbo cha mwenye bunduki) kwanza. Aliyeko kwa viza ya muda kwa kawaida haruhusiwi kununua. Tenga pia pesa ya kabati la kufunga kwa ufunguo, hasa nyumba ikiwa na watoto.