Namna ya Kutafuta Sauti Nzuri ya Gitaa kwenye Amplifaya

Mpiga solo anayefanya mazoezi chumbani kwake Nkuhungu, Dodoma, kwa sauti ya chini ili asisumbue majirani, hupanga besi (sauti nene za chini) nzito na trebo (sauti nyembamba za juu) kali zinazompendeza, lakini Jumapili akifungua sauti katika ukumbi wa kanisa gitaa lile lile huvuma na kuchoma masikio. Sababu ni kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio la binadamu hupokea besi na trebo kwa unyonge, naye mtu huziongeza kupita kiasi bila kujua. Kwa hiyo amplifaya ipangwe pale pale itakapotumika, kwa ukubwa wa sauti utakaotumika, wenzako wote wakiwa wanapiga.

Anza kwa kufungua kabisa sauti na toni za gitaa lenyewe, uzime mwangwi wa amplifaya, uweke vitufe vyake vya besi, mido (sauti za kati) na trebo kwenye 5, na gaini (kitufe kinachoongeza nguvu ya sauti inayoingia hadi ikwaruze) kwenye 2. Ukiwa unapiga wimbo wenyewe, zungusha kitufe kimoja polepole kutoka 0 hadi 10, ukirudishe pale panapokuridhisha, ndipo uguse kingine. Ukimaliza, rudia mzunguko, kwa sababu katika amplifaya nyingi vitufe hivi huathiriana.

Mido ndiyo ninayoitetea kuliko vyote. Vijana wengi huishusha karibu na 0 kwa kuwa gitaa likiwa peke yake husikika pana na tamu. Likishaingia kati ya kinanda, ngoma na gitaa la besi, halisikiki tena, na mpigaji hukimbilia kuongeza sauti. Kamba nene kuliko zote ya gitaa la solo hutetemeka takribani mara 82 kwa sekunde, na ya gitaa la besi mara 41, hivyo eneo la chini tayari lina mwenyewe. Shusha besi hadi 3 au 4, pandisha mido hadi 6 au 7, na kila noti itajitokeza. Gaini nayo iongezwe kwa uangalifu, maana ikizidi, kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, huvurugika.

Kumbi zetu nyingi hapa Dodoma zina kuta za saruji na paa la bati, zenye mwangwi wake tayari; wa amplifaya uwe mdogo sana. Iondoe amplifaya kwenye kona, kwani kona huzidisha besi, kisha iinue juu ya kiti imara, kwa kuwa trebo hutoka ikiwa imenyooka mbele ya spika, na ikielekea miguuni mwako utaiongeza huku waliokaa mbele wakiumia.

Mwombe mwenzako apige, wewe ukasikilize nyuma ya ukumbi. Watu wakishajaa, miili na nguo zao hunyonya trebo, kwa hiyo iongeze kidogo baada ya wimbo wa kwanza.