Somo: Bei, uimara na mazoea unaponunua vifaa vya kukwea miti

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: nichukue cha bei nafuu, nichukue kinachodumu, au nibaki na kampuni niliyoizoea? Swali hilo haliwezi kujibiwa mara moja kwa mzigo wote. Kila kifaa kina jibu lake, maana kamba haichakai kama karabina (pingu ya chuma yenye mlango, ya kuunganishia kamba na mkanda), wala mkanda hauchakai kama kofia. Twende hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Tenga vifaa kwa jinsi vinavyochakaa

Mwaga kila kitu sakafuni. Upande mmoja weka vya nyuzi na plastiki: kamba, mkanda wa mwili, kamba fupi za kufungia fundo la msuguano (fundo linalozungushwa kwenye kamba kuu, likabana ukiliegemea na kuteleza ukilisukuma), kofia. Upande wa pili weka vya chuma: karabina, kapi, pete. Watengenezaji wengi huvipa vya nyuzi na plastiki kikomo cha miaka 10 tangu vilipotengenezwa, hata kama havijawahi kuguswa. Vya chuma mara nyingi havina kikomo cha umri. Hukataliwa pale ukaguzi unapoonyesha ufa, kutu au mlango usiojifunga.

Kwa hiyo kabla ya kufurahia punguzo la kamba, tafuta tarehe kwenye lebo. Kamba iliyokaa ghalani miaka 6 imekuachia 4 tu.

Hatua ya 2: Viwango kwanza

Kifaa kisicho na alama ya kiwango hakiingii kwenye mizani ya bei hata kidogo. Kwa viwango vya Ulaya, tafuta EN 1891 aina A kwenye kamba (nguvu ya kukatika isiyopungua kilonewton 22, yaani kN 22), EN 362 kwenye karabina, EN 813 na EN 358 kwenye mkanda. kN 1 ni kama uzito wa kilo 100. Mlango wa karabina uwe wa kujifunga wenyewe, na usifunguke mpaka uusogeze kwa miondoko zaidi ya mmoja. Wa kukaza kwa skrubu unaweza kulegea kamba ikiusugua.

Ila namba kubwa ya kN si uimara. Inakwambia kamba mpya itakatika kwa nguvu kiasi gani, haikwambii ganda lake litavumilia magome miezi mingapi. Uimara uulize kwa wanaoitumia kila siku.

Hatua ya 3: Gawa bei kwa kazi, na uulize kipande gani kitakufa kwanza

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, na mimi nilipotea hapa. Mkanda wangu wa kwanza niliupenda kwa bei yake. Mbele una kamba fupi inayounganisha pande mbili za nyonga, ambayo pete hutembea juu yake siku nzima. Kwenye mkanda ule kamba hiyo ilishonewa moja kwa moja. Baada ya msimu mmoja na nusu ganda lilitoa manyoya, nikaona nyuzi nyeupe za ndani. Mshono ulikuwa mzima, buckle zilikuwa nzima, mapajani hakukuwa na hata mkwaruzo. Nilimwandikia muuzaji kuuliza namna ya kubadilisha kipande hicho, hakujibu. Nikaukata mkanda wote vipande ili mtu mwingine asije akauokota. Uliofuata ulikuwa karibu mara mbili ya bei, lakini kamba yake ya mbele hufunguliwa na kubadilishwa. Nimeshaibadilisha mara tatu na mkanda bado ninao.

Kamba ya fundo la msuguano ina hesabu tofauti. Hiyo ni ya kuchakaa, inunue ukijua hivyo. Ipitishe polepole kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukikuta sehemu ngumu inayong'aa kama imepakwa nta, imeungua kwa joto la kushuka haraka. Itupe siku hiyohiyo. Nyuzi za Dyneema, ambazo ni aina ya plastiki, ni imara mno kwa kuvutwa, lakini huyeyuka karibu nyuzijoto 150, ilhali poliesta hufika zaidi ya 250. Ndiyo maana ganda la kamba hizi huwekewa aramidi, nyuzi za kustahimili joto ambazo haziyeyuki.

Kofia, nunua inayokukaa vizuri. Basi.

Hatua ya 4: Uaminifu, kwa nani?

Uaminifu kwa jina la kampuni sina. Uaminifu kwa mazoea ya mikono ninao, na sioni aibu kuulipia. Ukiwa juu, umechoka, jasho machoni, mkono hufungua kifaa bila kuuliza kichwa. Ukibadilisha kifaa, mkono utafanya la zamani. Kwa hiyo badilisha kimoja tu kwa wakati, ukitumie kwenye tawi la chini, futi chache kutoka ardhini, mpaka mkono ukizoee.

Muuzaji naye anastahili uaminifu akijibu maswali, akiwa na vipuri, na akikupigia simu kifaa kinaporudishwa kiwandani kwa kasoro. Huyo mwongezee kidogo juu ya bei bila kinyongo.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Nimepata kamba na karabina zilizotumika, bei nzuri sana. Nichukue?*

Marahaba. Karabina chukua ikiwa unamjua aliyezitumia na zikipita ukaguzi. Kamba acha. Nailoni ikiguswa na asidi ya betri inaweza kupoteza nguvu bila jicho kuona chochote, na huwezi kujua ilisafiri na nini kwenye gari la mwenye nayo.

*Mimi ndiyo naanza, fedha ni kidogo. Nipunguze wapi?*

Dada, punguza kwenye vifaa vya mitambo vya kushukia. Fundo la msuguano hufanya kazi hiyohiyo kwa sehemu ndogo ya bei, na litakufundisha jinsi kamba inavyoshika. Begi la kamba linaweza kuwa gunia safi. Usipunguze kwenye kamba kuu, mkanda na kofia. Na tenga akiba ya kamba ya fundo ya pili tangu siku ya kwanza, usije ukaitumia iliyoungua kwa sababu huna nyingine.

*Kikundi chetu chote kinatumia kampuni moja. Nikichanganya na kifaa cha kampuni nyingine, kuna ubaya?*

Ndugu, kuchanganya si kosa, kosa ni kutosoma karatasi ya maelekezo. Kifaa kikiandikwa kamba ya milimita 11.5 hadi 13, ya milimita 11 inaweza kuteleza hata kama zote mbili ni bora. Lakini hoja ya wenzako ina uzito kwa sababu nyingine. Ukiumia juu, mmoja wao ndiye atakayekwea kukufuata, na atakutana na kifaa ambacho hajawahi kukishika. Mpe akikamate, akushushe nacho mara tano kutoka kwenye tawi la chini, ndipo ukipeleke kazini.