Namna ya kufundisha mapigo ya moyo kwa moyo wa mbuzi

Nafundisha biolojia hapa Newala, na somo la moyo siliingii mikono mitupu. Siku moja kabla ya kipindi, mwambie mwenye bucha akuwekee moyo mzima wa mbuzi, mishipa ya juu isikatwe karibu.

Uoshe, kisha tafuta mshipa mkubwa wa juu unaoingiza damu chumba cha juu cha kulia. Weka kidole pale vinapokutana. Mapigo huanzia hapo, kwenye kifundo cha seli zinazojiwashia umeme zenyewe bila kungoja amri ya ubongo. Kwa macho hakionekani. Watafiti Keith na Flack walikitambua kwa hadubini mwaka 1907. Umeme husambaa vyumba vya juu, hucheleweshwa kama sehemu ya kumi ya sekunde ili vya chini vijae damu, ndipo ukashuka.

Sasa pasua chumba cha chini cha kulia, taratibu sana. Utakuta kamba ya nyama imevuka kutoka ukuta wa kati hadi ukuta wa nje. Wengi huikata wakidhani ni utando tu, nami huumia nikiona hivyo, maana ndimo zinamopita nyuzi za Purkinje zinazowahisha umeme upande wa pili. Kila mwanafunzi aiguse.

Umeme wenyewe hauvuti msuli. Hufungua milango ya seli, kalisiamu kidogo ikaingia, nayo ikafungulia kalisiamu nyingi iliyohifadhiwa ndani. Hiyo hushika protini ya troponini, nyuzi za miosini zikapata nafasi ya kuvuta za aktini, msuli ukajikaza. Kalisiamu ikirudishwa, msuli hulegea. Hapa simulia habari ya daktari Mwingereza Sydney Ringer: mioyo ya vyura wake ilidunda kwenye chumvi iliyochanganywa na maji ya bomba ya London, ikazimika alipotumia maji yaliyokenekwa, yaani yaliyoondolewa madini. Mwaka 1883 akaeleza kilichopungua: kalisiamu.

Malizia nje. Wahesabu mapigo kifundoni mwa mkono wakiwa wametulia (kwa mtu mzima ni 60 hadi 100 kwa dakika), halafu wapande mlima mbio. Mwenye pumu au shida ya moyo ashike saa. Homoni ya adrenalini na neva za kuchochea huongeza kalisiamu inayoingia, moyo ukapiga haraka na kwa nguvu zaidi. Neva ya vagasi, itokayo ubongoni, huupunguzia kasi. Waandike mapigo kila dakika hadi yatulie, kisha uwaulize ni neva ipi imeshika kazi.